Usiuze baiskeli ya babu kwa kilo

Msee, kuna baiskeli imelala nyuma ya stoo ya babu yako ocha, imefunikwa gunia, na kuku wanataga chini yake. Wewe uko Nairobi unapiga hesabu ya deposito ya pikipiki ya mkopo, ama unakodolea macho ile baiski mpya ya supamaketi yenye springi za urembo. Ngoja kwanza.

Sizungumzii mamba, ile nyeusi ya kubeba mitungi ya maji. Mamba ina heshima yake na haihitaji wakili. Nazungumzia baiskeli ya milimani ya zamani: fremu ya chuma, tairi nene za inchi 26, gia za kusukuma kwa kidole gumba. Zilitua Mombasa kama mitumba, zikasambaa hadi vijijini, kisha zikasahaulika.

Na hata huko zilikotoka zilianza kama takataka. Miaka ya 1970, kule Marin, California, vijana kina Gary Fisher na Joe Breeze waliokota baiskeli za miaka ya 1930 wakaziteremsha milimani kwa fujo. Breki zilichemka hadi grisi ikaungua, ikabidi watie nyingine kila wakishuka. Viwanda viliingilia baadaye. Specialized ilitoa Stumpjumper mwaka wa 1981. Kwa hivyo anayekucheka ukisukuma chuma chenye kutu, mwambie mchezo wote ulianzia hapo.

Yangu niliipata Masii, nilipoacha chuo na kurudi nyumbani nikiwa na wakati mwingi kuliko pesa. Huku hutafuti kwa simu. Unaketi kwa fundi wa baiskeli sokoni, unanunua chai, unauliza nani alikuwa na baiski ya gia. Wiki haijaisha ushaelekezwa boma tatu, moja Vyulya, nyingine njia ya Wamunyu. Ukifika, salimia wazee kwanza na uulize habari ya mvua. Bei itakuja yenyewe. Mimi nililipa 2,500, na mzee akaniongezea maembe.

Usidanganywe na rangi. Kutu ya juu inatoka kwa msasa. Kagua maungio, hasa chini ya usukani na pale pedali zinapozungukia. Ukiona ufa, ama kovu la kuchomelewa na fundi wa mageti, achana nayo. Stika ya Reynolds ama Tange kwenye bomba ni habari njema: hicho ni chuma chepesi cha maana.

Sasa kazi. Vyuma vilivyogandana vinywe mafuta usiku kucha kabla hujashika spana. Pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume, yaani kwa kuzungusha upande ambao kwa kawaida ungekaza. Wengi huharibu nyuzi zake wakidhani imekwama. Toa beringi zote, osha kwa mafuta taa, tia grisi mpya. Cheni na gia za nyuma zikiwa zimelika, badilisha pamoja, la sivyo cheni mpya itaruka kwenye meno ya zamani. Na hizo gia za kidole gumba usizitupe! Zile za msuguano hazina kituo, unatafuta gia kwa kusikiliza cheni, kwa hivyo zinakubali karibu kipuri chochote utakachookota. Tairi na tyubu za inchi 26 ziko hata Masii. Jaribu kutafuta za 29 hapo uone.

Najua utasema pikipiki inaleta chapaa. Kweli. Serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, vijiji vilibadilika, na siwezi kumkejeli mtu anayelisha watoto kwa bodaboda. Lakini kama shida yako ni kufika kazini kilomita saba, mbona uamke kila siku ukiwa na deni la petroli na la mkopeshaji? Simaanishi ukapigane na malori Mombasa Road. Ninasema kuna safari nyingi ambazo miguu yako inatosha. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, alinolewa Kikuyu na David Kinjah, kwenye njia za vumbi kama zetu.

Kinachoniuma ni mizani. Jamaa wa chuma chakavu wanapita vijijini, na fremu ambayo ingekubeba miaka ishirini inapimwa pamoja na sufuria zilizotoboka. Marufuku ya 2022 iliwasimamisha miezi michache tu, wakarudi. Kwa hivyo piga simu nyumbani leo, kabla ya Disemba. Uliza kama bado iko. Halafu mwombe mtu ajaribu kuchomoa kiti: kikitoka, fremu huenda ni nzima. Kikikataa, mwambie amwagie mafuta hapo na akungoje.