Mwanao kaenda na timu, atalala na nani?

Timu ya watoto ya mtaani kwako Handeni ikienda kucheza Korogwe na kulala huko, huwa unauliza nini? Wengi tunauliza nauli na viatu tu. Nani atalala nao chumbani, hatuulizi. Tunamwonea haya kocha.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionesha kuwa takriban wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Naam, hata wavulana.

Mtoto kateguka mguu, anaitwa peke yake ndani akachuliwe. Kwa nini asichuliwe uwanjani, mbele ya wenzake? Kocha mwema hatakataa, maana naye anajikinga na kuzushiwa. Kijana kiziwi au mwenye ulemavu wa akili aangaliwe zaidi, kwani kujieleza kwake ni taabu.

Mwanao akiyachukia mazoezi ghafla, usimwite mvivu. Muulize kwa upole. Akisema kaingiliwa, usimwogeshe wala usifue nguo zake. Mkimbize hospitali, kwani dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72. Wazee wakikaa kikao cha faini, saa hizo zinakwisha. Toa taarifa dawati la jinsia na watoto polisi, au piga 116, ni bure.