Wahudumu wa HIV: Pwani yahitaji kituo chake cha mafunzo, si semina za hotelini

Mgonjwa wa HIV aliyezoea kwenda kwenye kliniki yake maalumu na kuhudumiwa na muuguzi anayemjua, siku hizi huenda akajikuta kwenye foleni moja na mwenye malaria, mwenye kisukari na mwenye presha. Mabadiliko haya yana chanzo. Januari 20, 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kufikia Julai 1 mwaka huo shirika la USAID likawa limefungwa. Wahudumu wengi waliolipwa na miradi hiyo walirudi nyumbani. Serikali nayo ikaanza kuunganisha huduma za HIV na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje.

Kuunganisha huduma si wazo baya. Wapo waliokwepa kliniki kwa sababu mlango wake peke yake ulitosha kumtangaza aingiaye. Lakini maana yake ni kwamba muuguzi yeyote aliye zamu sasa ni muuguzi wa HIV. Swali ambalo viongozi wetu wa Pwani hawajalijibu ni hili: nani amemfunza?

Kuna wanaodhani kazi yenyewe ni kumkabidhi mtu chupa ya vidonge na kumpa tarehe ya kurudi. Ni kweli matibabu yamerahisika. Wagonjwa wengi wazima humeza kidonge kimoja kwa siku, chenye dawa tatu ndani yake. Ila urahisi huo una mitego.

Chukua mama mjamzito. Kliniki ya wajawazito humpa vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma. Akivimeza pamoja na ARV akiwa na njaa, yale madini hushikana na dolutegravir, dawa kuu katika kidonge chake, na mwili haupati kipimo kamili. Suluhisho halina gharama: avimeze vyote pamoja na chakula, au ARV itangulie kwa muda wa saa 2, au ifuate baada ya saa 6. Muuguzi asiyejua hilo hatamwambia, na mtoto aliye tumboni ndiye atakayebeba hatari.

Mgonjwa mwenye kifua kikuu naye ana hesabu yake. Rifampicin, dawa inayotumika kutibu kifua kikuu, huimaliza dolutegravir mwilini upesi. Kwa hivyo huyu huhitaji kuimeza mara 2 kwa siku badala ya mara 1.

Halafu kuna Ramadhani. Anayemeza kidonge kimoja anaweza kuhamishiwa wakati wa futari au daku bila shida. Lakini akiona haya kuuliza, na muuguzi asimuulize, ataacha dawa mchana wa mfungo na pengine mwezi mzima, na virusi hupata nafasi ya kuzoea dawa. Yule wa kifua kikuu ni wa kukaa naye chini, akumbushwe kwamba dini imempa mgonjwa ruhusa yake. Mkufunzi aliyekuja kutoka Nairobi na karatasi zake hataligusa jambo hili, lakini huku kwetu ni la kila mwaka.

Na siri? Sheria ya HIV na Ukimwi ya mwaka 2006 inamlinda mgonjwa, lakini miji yetu ni midogo. Lamu au Faza, muuguzi ni jirani, na karani wa faili ni binamu wa mke wa mtu. Mtu akishajua habari yake imefika barazani, hatarudi kuchukua dawa. Kutunza siri katika mji ambao kila mtu anamjua mwenzake ni ujuzi wa kufundishwa na kusimamiwa, wala si wa kuachiwa tabia ya mtu.

Kwa miaka mingi tangu mpango wa PEPFAR uanze mwaka 2003, mafunzo haya yamekuja kwa njia ya semina. Muuguzi huitwa hotelini siku tatu au tano, akarudi na cheti, mkoba na posho. Sisemi semina hazikusaidia. Ziliokoa watu. Lakini tangu afya ikabidhiwe kaunti mwaka 2013, uhamisho ni jambo la kawaida: aliyefunzwa hupelekwa wadi ya upasuaji, na anayeshika nafasi yake huanza upya. Miongozo nayo haikai. Mwaka 2016 Kenya ilianza kumtibu kila anayepatikana na virusi bila kungoja kinga ishuke. Ikafuata dolutegravir. Julai 2025 Shirika la Afya Duniani likapendekeza lenacapavir, sindano ya kuzuia maambukizi inayodungwa mara 2 kwa mwaka. Mfadhili aliyelipa hoteli akiondoka, nani atafundisha mambo hayo mapya?

Wenzetu walijibu swali hili mapema. Eldoret, mpango wa AMPATH ulianza mwaka 2001 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Moi na vyuo vya Marekani vikiongozwa na Indiana, na tangu mwanzo matibabu, mafunzo na utafiti vilikaa pamoja. Kampala, Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Chuo Kikuu cha Makerere ilianza wakati huohuo kwa fedha za kampuni ya dawa ya Pfizer, na imefunza wahudumu kutoka nchi nyingi za Afrika. Zote zilianza kwa pesa za kigeni, na kinachozitofautisha na semina zetu ni kwamba zilijengwa ndani ya chuo kikuu na kliniki yenye wagonjwa. Mwanafunzi hujifunza mbele ya mgonjwa halisi, na mwalimu bado yupo mwaka unaofuata.

Pwani haianzi mikono mitupu. Hospitali Kuu ya Pwani, ile tuiitayo Makadara, hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka kaunti zetu. KMTC ina matawi Mombasa, Kilifi na Msambweni. Kilifi kuna Chuo Kikuu cha Pwani na watafiti wa KEMRI. Malindi kuna wahudumu waliozoea kuwapa methadone waraibu wa heroini, ujuzi ambao kaunti nyingi za bara hazina. Kinachokosekana ni wa kuviunganisha.

Kazi hiyo ingefaa Jumuiya ya Kaunti za Pwani. Kaunti sita zichangie kituo kimoja, chenye wakufunzi wa kudumu na nafasi za mafunzo kila mwezi. Wakufunzi hao wawe na ratiba ya kuwafuata wahudumu Hola, Taveta na Kiunga, maana si kila zahanati inaweza kumwachilia muuguzi wake wa pekee kwa wiki nzima. Na miongoni mwa wakufunzi wawemo watu wanaoishi na virusi, kwani wao ndio wajuao ni neno gani la muuguzi lilimrudisha mgonjwa na lipi lilimfukuza.

Hofu mbili ni za haki. Ya kwanza ni kwamba tutajengewa jumba la kukatia utepe, kisha lifungwe. Ndiyo maana nasema tuanze na wakufunzi na kliniki zilizopo, jengo lifuate. Ya pili ni pesa. Desemba 2025 Kenya na Marekani zilitia saini mkataba wa afya wa miaka 5, ambapo Marekani itatoa hadi dola bilioni 1.6, nayo Kenya iongeze dola milioni 850, fedha zikipitia taasisi za serikali badala ya mashirika. Mkataba huo una mabishano yake, hasa kuhusu data za wagonjwa, na mahakama imeshaingilia. Lakini mwelekeo uko wazi: mzigo unarudi kwetu, na miaka 5 si mingi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Kila mwaka kaunti huita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti kabla ya Juni 30. Mara nyingi tunaomba barabara, visima na basari, na ni haki yetu. Safari hii, atakayesimama Kisauni, Ukunda au Garsen aulize pia swali hili: fedha za kuwafunza wahudumu wa HIV ziko ukurasa upi?