Zaburi si Mwangwi

Mwaka 1753 Robert Lowth, aliyekuwa mwalimu wa ushairi katika Oxford, alichapisha mihadhara yake ya Kilatini juu ya ushairi mtakatifu wa Waebrania. Alionyesha kwamba mistari yake huenda kwa nusu mbili zinazolingana, na ulinganifu huo akaugawa katika aina tatu. Waliomfuata waliikumbatia aina ya kwanza kupita kiasi, ikazaliwa kauli ambayo hata leo hupita madarasani kama sheria: nusu ya pili hurudia ya kwanza kwa maneno mengine. Kauli hiyo ni ya uvivu, na yastahili kupingwa.

Itazamwe Zaburi ya 114. Nusu moja yasimulia bahari iliyokimbia. Nusu ya pili, mto Yordani uliorudi nyuma. Asemaye kwamba hilo ni jambo moja lililotajwa mara mbili hajasoma. Bahari ilipasuka watu walipotoka Misri; Yordani ulisimama walipoingia Kanaani. Kwa hesabu ya Biblia yenyewe, kati ya nusu hizo mna miaka 40 ya jangwani, na kizazi kizima kilichozikwa njiani. Mshairi aliivuka miaka hiyo kwa pumzi moja. Huo ndio ufundi wake, na ndio unaofutwa na neno “hurudia”.

Hermann Gunkel, ambaye ufafanuzi wake wa Zaburi ulitoka mwaka 1926, alizipanga kwa jinsi: sifa, maombolezo, shukrani. Kazi kubwa, bila shaka. Lakini ajuaye zizi hudhani amemjua kila kondoo. Vibao vya Ugarit, vilivyoanza kufukuliwa Siria mwaka 1929, vilionyesha kwamba Wakanaani nao walitumia jozi nyingi za maneno kama zile za Zaburi. Wako waliokata shauri kwamba jozi hizo ni mazoea matupu ya ulimi. James Kugel ndiye aliyetamka waziwazi, mwaka 1981, kwamba nusu ya pili huongeza na kukaza.

Msomaji wa Kiswahili hakuwa na haja ya kungoja miaka 228. Katika sanaa yake mshororo una ukwapi na utao, na malenga ambaye utao wake warudia ukwapi tu huambiwa ameishiwa. Tena Songea ina ushahidi karibu. Huko Peramiho, ambako Wabenedikto walifika mwaka 1898, Kanuni yao yaagiza zaburi zote 150 zimalizike kila juma. Na kwa desturi ya wamonaki, waimbaji hutua katikati ya mstari kabla ya kuingia nusu ya pili. Kama nusu hiyo ingalikuwa mwangwi, kituo hicho kingalikuwa cha nini?

Mwanafunzi aliyefundishwa marudio huisoma nusu ya kwanza, akairuka ya pili. Mfasiri aliyefundishwa vivyo hivyo huokota visawe viwili vyovyote, maadamu vyakaribiana. Yule amejipotezea nusu ya Zaburi. Huyu amewapotezea wote wasiojua Kiebrania.