Mbuzi Wako Atakula Nini?

Mshahara ukichelewa, mara nyingi mbuzi ndiye anayelipa minervali ya watoto. Basi, yeye naye akikosa majani, nani atalipa?

Wengi wenu mumepanda leukena kando ya parseli. Ni muti mzuri, unakomaa mbio. Lakini chunguza ncha changa. Ukiona vidudu vya kijani na manjano, urefu milimita 2 hivi, vimejazana pale, na majani yanajikunja na kuanguka, ujue adui amefika. Vinafyonza utomvu. Kwao ni Amerika ya Kati. Mwaka 1992 vilionekana Kenya na Tanzania, kisha vikaenea nchi jirani.

Usikimbilie kupiga dawa: ile sumu, mbuzi ataila pamoja na majani. Mara nyingi muti haufi, unachipuka tena. Shida ni zile wiki za njaa katikati.

Kwa hiyo, usitegemee leukena peke yake. Changanya na kaliandra na glirisidia. Moja ikikosa majani, ingine italisha. Kijana, mvua ikianza, anza na wewe.