Jicho Lililoumia Halingoji Sikukuu Iishe

Noeli inakaribia. Hapa Ufipa dalili zake tunazijua: nyumba zinapakwa chokaa, kuni zinapasuliwa, kimpumu kinaandaliwa, na watoto wamefunga shule. Mvua nazo zimeanza. Asubuhi vijana wako shambani wanaswaga maksai, jioni wako uwanjani wanacheza. Ni siku za furaha, lakini ni siku ambazo macho ya watoto wetu yamo hatarini.

Wengi hudhani jicho likiumia, basi bahati mbaya imekwisha kutokea na hakuna la kufanya. Mimi siafiki. Macho mengi hayapotei saa ile yanapoumia. Hupotea katika siku 2 au 3 zinazofuata, wakati sisi tunasema, "Tutakwenda hospitali baada ya sikukuu."

Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Bhaktapur, nchini Nepal, miongoni mwa wakulima kama sisi. Watu 442 waliokwaruzwa kioo cha jicho, yaani ile sehemu angavu ya mbele, walipewa na wahudumu wa afya vijijini mafuta ya macho yenye dawa ya kuua vijidudu, mara 3 kwa siku kwa siku 3. Waliotibiwa ndani ya saa 18 tangu kuumia, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda cha jicho. Kati ya 49 waliofika baada ya siku nzima kupita, 14 walipata kidonda. Dawa ni ile ile. Tofauti ni muda tu.

Kwa nini basi sisi tunachelewa? Naona sababu tatu.

Kwanza, mtoto huficha. Amechomwa na kijiti akicheza mchezo aliokatazwa, naye anaogopa viboko. Anasema ni vumbi tu. Wazazi wapendwa, tuwaambie watoto mapema: ukiumia jicho, njoo useme, hutachapwa. Mtoto anayemwogopa baba kuliko maumivu anaweza kupofuka kimya kimya.

Pili, tunatia vitu jichoni: maji ya majani, maziwa ya mama, sukari, hata mkojo, au matone ya dawa yaliyobaki kwa jirani. Bibi anayefanya hivyo anafanya kwa upendo, tusimdharau. Lakini utafiti uliofanyika hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa wenye vidonda vya kioo cha jicho, kama mmoja katika kila wanne alikuwa ametumia dawa za kienyeji.

Tatu, ni njia na nauli. Ni kweli, mtu wa bonde la Rukwa au wa vijiji vya Nkasi na Kalambo anapata shida kusafiri wakati wa mvua. Ndiyo maana nashauri kila familia iweke kando nauli ya dharura kabla ya kununua nguo za sikukuu. Anzeni na zahanati iliyo karibu. Ikibidi, mtaelekezwa hospitali ya mkoa Sumbawanga, na wengine hupelekwa Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 300. Anayeanza mapema ndiye anayefika kwa wakati.

Hata hivyo, kinga ni bora kuliko tiba. Tuzingatie haya:

1. Chokaa huunguza jicho, na huendelea kuunguza mpaka itolewe. Anayeichanganya na anayepaka dari avae miwani. Watoto wakae mbali, na ndoo isiachwe wazi.

2. Anayepasua kuni asizungukwe na watoto. Kibanzi huruka mbali.

3. Mjeledi wa maksai si kitu cha kuchezea. Manati na mishale ya kuchezea ikusanywe.

4. Fataki zisiwe mikononi mwa watoto. Wapo pia wanaojaza baruti ya njiti za kiberiti katika spoku ya baiskeli na kuigonga ili ilie. Mzazi akiona spoku mfukoni mwa mtoto, aulize.

5. Chupa ya soda iliyotikiswa isifunguliwe ikielekezwa usoni, wala isifunguliwe kwa meno.

Ajali ikitokea, fanyeni hivi. Kama ni chokaa au maji ya betri, osheni jicho papo hapo kwa maji safi mengi, mkiinua kope, kwa muda wa nusu saa, ndipo mwende hospitali. Msingoje kutafuta usafiri kwanza. Kama jicho limechomwa au limepasuka, msilioshe, msilisugue, msilibonyeze, wala msichomoe kilichoingia. Lifunikeni kwa kitu kigumu kilicho safi, kama kitako cha kikombe cha karatasi, kisiguse jicho lenyewe, mwondoke siku hiyo hiyo. Kama limekwaruzwa tu, linauma na kutoa machozi, bado nendeni siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni Noeli yenyewe. Wauguzi wa zamu wapo.

Mwaka 1998 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikadiria kwamba watu milioni 19 duniani walikuwa na upofu au uoni hafifu wa jicho moja kwa sababu ya kuumia. Kwetu tusiongeze mmoja kwa sababu ya uzembe wa siku mbili.

Tarehe 13 Desemba Kanisa humkumbuka Mtakatifu Lusia, ambaye wagonjwa wa macho humwomba awaombee. Napendekeza jioni hiyo kila familia ikae pamoja, manati zikusanywe, nauli ya dharura iwekwe mahali panapojulikana, na watoto waambiwe kwamba wakiumia waseme. Nawatakia Noeli njema, yenye macho mazima.