Kompyuta Isomeshe, Isikesheshe
Magamba, Lushoto, ndipo kilipoanzishwa mwaka 2007 chuo kikuu kishiriki chenye jina la Askofu Sebastian Kolowa, kikajikita katika elimu maalumu. Kwa wanafunzi wa elimu hiyo kompyuta ni msaada mkubwa; kwa hiyo tusiseme ovyo kwamba kompyuta inafelisha wanafunzi. Asiyeona akifungua NVDA, programu ya bure inayosoma maandishi kwa sauti, hangoji tena mwenzake amsomee kitabu. Lakini anayekesha na video hadi alfajiri atasinzia darasani, daftari wazi mbele yake. Ripoti ya shirika la kimataifa la OECD ya mwaka 2015 ilionyesha kuwa wanaotumia kompyuta kwa kiasi shuleni hufaulu zaidi kuliko wanaoitumia kupita kiasi. Walimu wetu wafundishe kutafuta, kuchuja na kunukuu maarifa ya mtandaoni tangu wiki ya kwanza ya masomo.