Kizuri Chajiuza: Ukitaka Mashine ya Kutafutia Dhahabu, Ijaribu Kwanza

Sisi wa Garissa tunakujua kivuli thamani yake, maana jua la huku halina mzaha na mtu.

Juzi alasiri nilikuwa kwenye kivuli changu mwenyewe, nje ya nyumba, wakati kijana mmoja wa mtaani kwetu Bulla Iftin alipoingia amekumbatia sanduku kubwa kama aliyebeba mtoto mchanga. Alinisalimu kwa adabu, akaliweka sanduku juu ya mkeka.

"Adeer," akaniambia, "nakuomba uitazame mali yangu kabla sijasafiri."

Sanduku lilikuwa na picha ya mtu mwenye kofia pana katikati ya jangwa. Ndani mlikuwa na mpini mrefu, sahani nyeusi ya duara, nyaya, na vipokea sauti vya kuvaa masikioni. Ilikuwa ni ile mashine ya kutambua metali ardhini, ambayo vijana wetu wanaiita ditekta. Aliinunua Nairobi, mkononi mwa mtu, kwa Sh85,000. Muuzaji alimwapia kwamba imetoka Australia na kwamba mwenyewe anaiuza kwa hasara kwa sababu ana mgonjwa hospitalini.

Nilimuuliza fedha hizo alizipata wapi. Akainamisha kichwa. Zilitokana na ngamia wa mamake, wale ambao maziwa yao huyauza sokoni kila asubuhi na ndiyo yaliyomsomesha kijana huyu.

Sikusema neno. Nilichukua sarafu ya shilingi kumi, nikaifukia mchangani, kina cha kiganja kimoja tu, nikamwambia, "Haya, itafute." Akapitisha sahani juu yake mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Kimya. Alipoinyanyua hewani ikapiga kelele yenyewe, wala hapakuwa na chuma karibu. Nilipolisoma lile sanduku vizuri, niliona hata neno la Kiingereza lenye maana ya dhamana lilikuwa limekosewa herufi. Kijana aliketi chini, na chai niliyomtilia ikapoa bila kuguswa.

Msomaji wangu, usimcheke. Wahenga walisema si vyote ving'aavyo ni dhahabu, lakini mwenye njaa hukiona king'aacho kabla ya kukumbuka methali. Vijana wengi wa Kaskazini Mashariki walisikia habari za Hillo, kule Dabel katika Kaunti ya Marsabit, ambako watu walimiminika kuchimba dhahabu hata Serikali ikayafunga machimbo hayo mwaka 2024 baada ya watu kuuawa. Wengine wana ndugu ng'ambo wanaowasimulia kuhusu wazungu wanaotembea na mashine hizi mashambani kama uraibu wa mwisho wa wiki. Na kweli yapo ya kusimuliwa: mwaka 2009, huko Staffordshire, Uingereza, mtu mmoja aliyekuwa katika uraibu huo aligundua shambani hazina ya dhahabu ya kale iliyothaminiwa kwa zaidi ya pauni milioni tatu. Simulizi kama hiyo ikifika masikioni mwa kijana asiye na kazi, ataacha kulala.

Basi leo sitakwambia usinunue. Nitakwambia usinunue ukiwa umefumba macho.

NAKALA ZA WEZI

Zipo aina mbili za udanganyifu. Ya kwanza ni nakala: mashine iliyotengenezwa ifanane na ile ya kampuni yenye jina, lakini ndani ina vifaa hafifu.

Kisa kimoja kinajulikana dunia nzima. Kampuni ya Codan ya Australia ndiyo yenye jina la Minelab, mashine zinazopendwa sana na wachimbaji wadogo wa Afrika. Mwaka 2011 mmoja wa wafanyakazi wake alisafiri kwenda China, akaunganisha kompyuta yake na intaneti ya hoteli. Wezi wakaipenya na kuiba michoro ya mashine hizo. Kampuni ilianza kushtuka pale mashine mbovu zilipoletwa kutengenezwa, mafundi wakazifungua na kukuta vipuri duni ambavyo si vyao. Nakala zikafurika sokoni. Faida ya kampuni ikaporomoka kutoka dola za Australia milioni 45 hadi milioni 9.2 katika mwaka ulioishia Juni 2014, nayo ikalazimika kupunguza bei zake. Mahakama ya China iliwafunga watu watatu.

Sasa jiulize: ikiwa kampuni kubwa namna ile, yenye mawakili na wapelelezi, iliumia hivyo, wewe mwenye ngamia wawili utasalimika vipi?

MPINI NA WAYA TU

Udanganyifu wa pili ni mbaya zaidi, maana hapo hakuna mashine kabisa. Utaonyeshwa kitu chenye mpini na antena inayoyumbayumba, uambiwe kinaona dhahabu iliyo mita hamsini chini ya ardhi, au ng'ambo ya mto. Utaambiwa uchague kadi: hii ya dhahabu, hii ya fedha, hii ya almasi.

Mwingereza mmoja, James McCormick, alitajirika kwa kitu cha namna hiyo. Alikiita ADE 651, akakiuza Iraki na kwingineko kwa maelfu ya dola kila kimoja, akidai kinatambua mabomu. Chanzo chake kilikuwa kitu cha mchezo cha Kimarekani, eti cha kutafutia mipira ya gofu iliyopotea, kilichouzwa kwa dola zisizofika ishirini. Ndani hamkuwa na kitu chochote kinachofanya kazi. Antena ilikuwa ikiyumba kwa mtikisiko wa mkono wa aliyekishika, bila yeye mwenyewe kujijua. Askari wa Baghdad walisimama nacho vizuizini, magari yenye mabomu yakapita, watu wakafa. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimfunga McCormick miaka kumi.

Nasi wa Garissa jambo hili linatugusa. Tangu Aprili 2, 2015, siku tuliyopoteza watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, kupekuliwa mlangoni ni jambo tulilolizoea. Ikiwa wewe ni mwenye hoteli, duka au shule na unamnunulia mlinzi wako kile kifaa cha mkononi cha kupekulia watu, haya ninayoyasema yanakuhusu kuliko hata mtafuta dhahabu. Kila asubuhi mlinzi akijaribu kwa kisu au rungu la funguo alilotia mfukoni. Kisipolia, afadhali kumpapasa mgeni kwa mkono kuliko kujidanganya.

NAMNA YA KUIJARIBU

Mashine ya kweli haina uchawi. Ile sahani ya mwishoni ina waya uliozungushwa mara nyingi. Betri ikipeleka umeme ndani ya waya huo, hutokea nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Nguvu hiyo ikikutana na metali, huzua humo mkondo mdogo wa umeme, nao hurudisha ishara kwenye sahani. Mashine huihisi ishara hiyo, ikalia. Kwa hivyo ishara hupungua kadiri kitu kinavyokuwa kidogo au kinavyozama. Sarafu moja, hata kwa mashine nzuri, huonekana kwa kawaida sentimita ishirini au thelathini hivi. Anayekuahidi kipande kidogo cha dhahabu mita kumi chini, msalimie uende zako.

Unapokwenda kununua, chukua vitu vyako mwenyewe: sarafu ya shilingi kumi, msumari, na kama nyumbani wanakuamini, pete ya dhahabu. Usitumie vitu vya muuzaji. Vitie mchangani, kwanza kina cha vidole vinne, kisha kina cha kiganja. Pitisha sahani kutoka kushoto, kisha kutoka kulia. Inapaswa kulia mahali pale pale kila mara, na kunyamaza pasipo na kitu.

Kisha fanya jaribio moja ambalo tapeli hulichukia. Pindua vikombe vitano vya plastiki. Mwenzako afiche sarafu chini ya kimoja, wewe na muuzaji mkiwa mmegeuka, kisha ajitenge asiwape ishara kwa macho. Muuzaji atafute. Rudieni mara kumi. Mwenye kubahatisha atapata mara mbili hivi. Mashine ya kweli itapata zote kumi, au karibu zote. Muuzaji akikwambia mashine imechoka, au jua ni kali, au una shaka moyoni ndiyo maana inakataa, funga mkoba wako. Metali haijui shaka yako.

Yako na mengine ya kuangalia. Watengenezaji wenye jina huchapisha orodha ya mawakala wao; mwombe kijana anayeijua intaneti akutazamie kama muuzaji yumo. Andika namba ya mashine, uwaulize watengenezaji kabla ya kulipa. Soma sanduku na kitabu chake, maana wezi wengi wa nakala hawajui kuandika. Bei ikiwa nusu au robo ya ile ya kwa wakala, jua kuna kitu kimepunguzwa, nacho si faida ya muuzaji. Dai risiti yenye jina la duka, ulipe kwa namba ya duka, usitume fedha kwa simu ya mtu binafsi. Ukidanganywa, usione haya: peleka habari kwa Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, au uende polisi na hiyo risiti yako.

HATA IKIWA HALISI

Nisiache neno la mwisho, maana ndilo zito. Mashine hizi hulia kwa dhahabu, kwa kifuniko cha soda, na kwa bomu. Nyingi haziwezi kukuhakikishia kilichofukiwa ni kipi. Katika barabara zetu za Dadaab, Liboi na Mandera watu wameuawa na mabomu yaliyotegwa ardhini. Usipeleke uraibu huu barabarani wala vichakani karibu na mpaka. Anayeonekana akichimba kando ya barabara jioni atakuwa na maelezo mengi ya kuwapa askari, kama atapewa nafasi ya kueleza. Ukigusa chuma usichokijua, acha kuchimba, rudi kwa njia uliyojia, umwarifu chifu au polisi.

Na ukumbuke, Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inasema madini ni mali ya Jamhuri, na mchimbaji mdogo anahitaji kibali. Vitu vya kale navyo vinalindwa na sheria ya makumbusho ya mwaka 2006. Uliza kwanza. Kuuliza si ujinga.

Yule kijana wangu? Tulimpigia simu muuzaji, simu ikawa imezimwa. Hakuwa na risiti. Jioni ile alinishangaza: alikataa nimsindikize nyumbani. Alisema, "Adeer, mama nitamwambia mwenyewe." Kesho yake alfajiri nilimwona sokoni, amebeba madumu ya maziwa ya jirani yao, mamake akitembea mbele bila kusema kitu. Sanduku la mashine walilitia kuku.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kikikujia kikitembea, kikiwa na haraka na mgonjwa hospitalini, kitolee sarafu yako ya shilingi kumi ukifukie mtihani. Shilingi kumi hizo zingemwokolea mama yule ngamia wawili.

Tuonane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.